Kiti cha Mbele cha Mama Bonfils

Ni saa mbili na dakika tano asubuhi hapa Bujumbura, wasikilizaji wapendwa, na ni Jumapili. Mi ni Elvire. Kwa miaka kumi na moja nawasomea habari za watu waliotutoka, na leo nawaambia mapema kwamba nimechoka. Mutasikia kwenye sauti. Munivumilie.

Leo tunamkumbuka mzee Rénovat wa Ngagara, Kartie ya Tano. Alifariki Jumamosi, wiki tatu zilizopita. Alikuwa na miaka sitini na minane. Ameacha mke, Consolate, ambaye sote tunamwita Mama Bonfils, na mtoto mmoja, huyo Bonfils mwenyewe.

Rénovat alikuwa mpima barabara serikalini. Miaka thelathini alitembea nchi hii na kamba ya kupimia. Alijua kila kona, kila daraja, kila mahali pa kusimama ukanywa maji. Alipopata pensheni alinunua gari, Toyota Carina nyeupe, nzee kweli kweli. Mkewe alimuuliza ni ya nini. Akamjibu, "Watu wa Buja wanajua Buja tu. Inchi hawaijui. Mi nitawatembeza."

Na akawatembeza. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mafuta yakipatikana, baada ya misa ya kwanza, Carina ilitoka Ngagara na majirani wanne ndani. Walikwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hakutoza mtu. Ulileta tumbo lako tu, kwa sababu chakula kilikuwa cha Mama Bonfils: samaki mukeke wa kukaanga, ndizi, maharagi kwenye termosi kubwa ya kijani.

Walikwenda Rusizi kuona viboko. Siku hiyo alikuwepo jirani yao, Mama Mwanamwema, anayeuza vitambaa sokoni tangu mi sijaanza shule. Aliniambia hivi: "Miaka yote nakaa hapa, Elvire, kiboko naiona kwenye picha. Kumbe iko dakika makumi mbili toka kwangu. Nilimuangalia, naye akaniangalia. Mi ndiye nilianza kuogopa." Walikwenda Rutovu, kule chemchemi ya Nili inakotoka, na Mwanamwema huyo huyo akasikitika kwamba maji yenyewe ni kidogo, hayatoshi hata kufulia. Walipanda Teza kwenye mashamba ya chai. Walikwenda ufukweni Rumonge. Safari thelathini na moja kwa miaka sita, wasikilizaji. Nasema tena, thelathini na moja.

Ninajuaje hesabu? Rénovat alikuwa na kaye ya shule. Kila safari alifungua ukurasa mpya. Aliandika tarehe, aliandika mahali, halafu majina ya watu wanne, kuanzia kiti cha mbele. Bonfils aliniletea kaye hiyo studio Alhamisi, nitayarishe kipindi. Nikaanza kuisoma hapa mezani.

Ukurasa wa kwanza, kiti cha mbele: Consolate. Limekatwa kwa mstari. Juu yake kuna jina la mtu mwingine. Ukurasa wa pili, Consolate, limekatwa. Wa tatu hivyo hivyo. Niligeuza kurasa zote thelathini na moja. Kila safari Rénovat alimwandika mkewe wa kwanza, na kila safari alimfuta.

Mama Bonfils hakuwahi kwenda. Hata mara moja.

Munajua sisi tulivyo. Asubuhi ya safari gari liko tayari, yeye amevaa, kikapu kiko mkononi. Anatokea mtu. Shemeji amefika kutoka Kinanira bila kupiga simu. Mkwe wa jirani yuko mjini siku mbili tu. Basi Mama Bonfils anafungua mlango wa mbele na kusema, "Kaa, we uko mugeni. Mi nitaenda ile ingine." Anakabidhi kikapu. Anabaki getini, anapunga mkono mpaka gari likate kona.

Nilimuuliza mbona hakukataa hata siku moja. Alishangaa swali. "Mugeni akuje kwako, umuambie abaki? Na haya je?"

Na Rénovat? Na yeye alikuwa na haya hizo hizo. Aliona, aliandika, alifuta, akawasha gari. Nilimpenda sana mzee huyu, lakini kwa hilo namkasirikia, na marehemu anisamehe nikilisema hewani.

Kuna ukurasa mmoja sikuweza kuupita. Ukurasa wa kumi na tisa. Mahali: Mugere, kwenye lile jiwe la wasafiri wa zamani. Kiti cha mbele: Consolate, limekatwa. Juu yake: Elvire wa redio.

Ni mimi huyo. Ilikuwa ule mwaka wa mafuriko ya Gatumba, nasoma matangazo ya vifo asubuhi, mchana na jioni. Mtu akaniambia kuna mzee Ngagara anatembeza watu. Nilifika bila kuambia mtu. Mama Bonfils alikuwa amevaa imvutano yake ya kutokea, ya rangi ya machungwa, na viatu vipya. Aliniangalia usoni, akafungua mlango. "Kaa, dada. Unaonekana umechoka." Nikakaa. Sikuuliza viatu vile alivivalia nini.

Jiwe la Mugere sikuliona vizuri. Nililala kwenye majani saa mbili nzima, ziwa liko chini pale, upepo mzuri. Wenzangu walitaka kuniamsha tule. Nilimsikia Rénovat kwa mbali akisema, "Mumuache alale. Na yeye amekuja kutembea." Sijapata usingizi kama ule tena. Ulikuwa usingizi wa kiti cha mtu mwingine.

Sasa, Mama Bonfils alitaka kuona kitu kimoja tu: maporomoko ya Karera, kule Rutana. Jikoni kwake kuna kalenda ya mwaka elfu mbili na tisa. Mwaka umeisha zamani, yeye ameiacha ukutani kwa sababu ya picha. Ni Karera, maji yanashuka meupe kwenye majani. Miaka yote hiyo amepika chakula cha safari za watu akiangalia picha hiyo.

Mwezi uliopita Rénovat aliamua kumpeleka. Munajua mafuta yalivyo siku hizi, sina haja ya kueleza. Aliingia kwenye foleni Jumatatu. Alisukuma Carina kwa mikono, mita tano, mita kumi, anasimama. Alilala humo humo. Mama Bonfils alimpelekea chakula kwa termosi ile ya kijani. Alhamisi alipata, tangi ikajaa. Alirudi nyumbani miguu imevimba, akamwambia mkewe, na Bonfils alisikia: "Jumapili ni we na mi. Mugeni akikuja, tutamuambia hatuko."

Ijumaa asubuhi alikuwa anaosha gari. Akakaa chini, akashika kifua. Walimkimbiza hospitali. Jumamosi akaenda.

Tulimzika Jumatano, makaburi ya Mpanda. Carina ilitangulia, Bonfils akiendesha. Nitawaambia nani alikaa kiti cha mbele. Mjomba wa marehemu, aliyetoka Mwaro. Alikuwa mgeni. Mama Bonfils alikaa nyuma, katikati ya wanawake wawili, anamzika mumewe.

Tangu siku ile Bonfils hakuigusa gari. Alienda kazini kwa miguu, toka Ngagara mpaka mjini, na nyumbani tangi imejaa. Watu walikuja na bidon zao wakiomba lita moja, mbili. Aliwajibu wote, "Apana. Mafuta haya iko ya mama."

Jana familia ilifanya guca ku mazi, ile siku ya kupunguza matanga. Na leo asubuhi, saa moja kamili, Bonfils akawasha gari.

Nilikwenda kuwaaga. Mama Bonfils alitoka na kikapu. Mama Mwanamwema alikuwa tayari amekaa nyuma, ndiye atamsindikiza. Kiti cha mbele kilikuwa wazi. Mama Bonfils akanitazama, mi nimesimama getini na macho yangu mekundu haya. Akafungua mlango wa mbele. Akasema, "Elvire, unaonekana umechoka. Kaa, utalala njiani. Kipindi mutu mwingine atasoma. Mi nitaenda ile ingine."

Nitawaambia ukweli, wasikilizaji wapendwa. Mguu wangu ulienda. Hatua moja, nikiwa na kaye ile kwenye mfuko. Nimechoka hivyo.

Ni Mwanamwema aliyetoa kichwa dirishani. Hakupandisha sauti. "Elvire, we si mugeni leo. Rudi nyuma. Consolate, ingia, mwanamke, jua linapanda."

Mama Bonfils alisimama kidogo. Alionekana kama mtu asiyejua kiti kinakaliwaje. Akaingia. Nilimfungia mlango mwenyewe, nikabaki getini pale anapobakia yeye, nikapunga mkono mpaka gari likakata kona. Ni pahali pabaya pa kusimama. Alisimama pale mara thelathini na moja.

Tunatoa pole kwa familia ya Rénovat, kwa Bonfils, kwa ndugu wa Mwaro na majirani wa Kartie ya Tano. Mungu ampokee. Na ninyi mulio nyumbani, munaojiandaa kwenda ufukweni au popote mafuta yatawafikisha, mukisha kukaa garini mugeuke mumwangalie aliyeshika chakula mlangoni. Mumuulize viatu vile amevivalia nini.

Saa ni mbili na robo. Rénovat aliacha redio ya Carina kwenye stesheni yetu, na Bonfils ameniambia haibadilishi. Ninajua pia kwamba mukishapita Ijenda sauti yangu inakatika. Basi niseme haraka. Mama Bonfils, siku ya Mugere nilikalia kiti chako. Sikujua, na sikuuliza. Nisamehe. Ijenda kuna baridi, funga dirisha. Na mukifika Karera usianze kugawa chakula, kuna Mwanamwema.

Sasa zima redio, mama. Angalia njia.