Mbuzi Kumi na Sita wa Kutunza Moyo

Wazazi wenzangu, tusidanganyike na mbuzi. Jana kwenye kivuko cha kutoka Sengerema, mzee mmoja mfugaji alikuwa akimsimulia dada muuza samaki aliyekaa naye kwamba daktari kamwambia apunguze nyama nyekundu, maana mafuta yamezidi kwenye damu na moyo unachoka.

"Nami nimetii, binti yangu. Nimetoa ng'ombe wawili, nikapewa mbuzi kumi na sita. Sasa kila siku ni mbuzi tu."

Nikaona ametii kweli. Hata mimi mume wangu nampikia hivyohivyo.

Dada akacheka. "Baba, mbuzi naye ni nyama nyekundu! Kondoo, nguruwe, wote kundi moja na ng'ombe. Bora kuku, au samaki."

"Wewe unatafuta mteja."

"Natafuta, ndiyo, lakini moyo ni wako, baba."

"Sasa mbuzi wote hao niwapeleke wapi?"

"Wafuge! Nani kasema kila kilicho zizini lazima ukimalize wewe?"

Kivuko kikagusa gati. Mzee, bado kanuna, akapiga simu nyumbani: "Mama Paskazia, yule wa leo msimchinje kwanza."