Mwalimu Mektilda Salu na Bibi Aliyenyimwa Moto

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa mzee Salu naomba mnitegee sikio, maana mambo ya dada yetu huyu hata sisi tuliokula naye yanatushangaza mpaka leo.

Mektilda alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Migato, Wilaya ya Bariadi, mtoto wa tatu wa mzee Salu na mama Ng'washi, akaanza shule hapahapa mwaka 1957, akaendelea Bariadi, kisha akahitimu ualimu Mwanza mwaka 1968, ingawa baba alikuwa ameshamkatia tamaa, kwa kuwa akitumwa kuchunga ndama alikuwa akisoma mpaka ndama wanamaliza mtama wa watu.

Alifundisha Lagangabilili, akafunga ndoa tarehe 4 Desemba 1971 na Bwana Josia Bundala, fundi cherehani, wakajaliwa Sayi na Jenifer, na mwaka 1975 akahamishiwa Migato, ambako alianza kuandika riwaya jikoni, kalamu mkono huu na mwiko mkono ule, ugali ukiungua, na shemeji akiula bila kununa, mwanamume wa ajabu yule.

Mwaka 1995 Athanasi Maganga, jirani yetu, alifiwa na watoto wawili katika juma moja, na lawama za uchawi zikamwangukia bibi Nyanjige, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, kijiji kikamtenga, asigawiwe moto, asisalimiwe, asisogee kisimani penye watu, na sote tunajua kutengwa kwa namna hiyo kulikuwa kunawafikisha wapi vikongwe wa kwetu. Mektilda aliogopa kwamba atamzika bibi huyo akiwa na majeraha ya panga, akaandika riwaya juu yake, lakini mchapishaji wake wa Dar es Salaam alikuwa amefunga milango baada ya soko huria kuingia, basi akaamua kuisoma mwenyewe kwa sauti kwenye godauni la kijiji, pale wakulima waliposhinda wakisubiri malori ya wanunuzi binafsi wa pamba.

Loo, siku ya kwanza aliaibika! Bibi wa riwayani alikuwa mpole kupindukia, hagombi, hasengenyi, anasamehe kila mtu, watu wakacheka hadi wakalala juu ya magunia, na Athanasi akasema bibi kama huyo hata yeye angempenda, ila Nyanjige anayemjua aliwahi kumrushia mwiko.

Mimi ningesusa, lakini dada alirudi nyumbani akasema wamesema kweli, ameandika mtu rahisi kuhurumiwa, na majirani amewafanya wanyama, akayachana maandishi yote. Akawa anakwenda kwa Athanasi, anakaa na mkewe wakipukuchua mahindi, haulizi neno, mpaka siku Athanasi mwenyewe alipoeleza jinsi mtoto wa pili alivyoomba maji, na kikombe kilipofika hakukuwa na wa kunywa. Akaandika upya, bibi safari hii ana mdomo mchafu na uchungu wake, na pembeni yupo baba ambaye huzuni yake imekosa pa kwenda.

Julai 1996 akasoma tena, hakucheka mtu, lori likafika, dereva akapiga honi wee, akaambiwa asubiri. Habari ya kikombe ilipofika, Athanasi aliinuka akaondoka, tukajua sasa kumekucha, kumbe alikwenda kwake, akachukua kijinga cha moto, akakivusha mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama, akakiweka katika mafiga ya Nyanjige, naye bibi akamgombeza kwamba uji wake umelala baridi tangu mwaka jana.

Kansa ya titi ilimwanza dada yetu mwaka 1998, akatibiwa Bariadi na Mwanza, na tarehe 9 Agosti 1999, saa kumi alfajiri, akafariki nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji Josia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani waliopika na kuchota maji, na Athanasi aliyeongoza kuchimba kaburi, wabeja sana, asanteni. Tunamshukuru pia bibi Nyanjige, aliyeketi pale kwenye mkeka, akigomba tangu asubuhi kwamba kifo kimeruka zamu yake. Bibi, gomba tu, dada yetu aliandika ili wewe uzeeke ukigomba.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, bibi yupo hai.