Neno la Kapiteni kwa Kahawa ya Mwanahamisi

Mwaka ule baada ya uhuru, pale kona ya Kabondo penye ubao uliolazwa juu ya matofali, Mwanahamisi ndiye aliyefika wa kwanza kila asubuhi na birika lake. Kahawa aliinunua kwa watu wa Banalia, akaikaanga mwenyewe, akaitwanga na tangawizi. Wateja wa ubao walikuwa walewale: René, karani wa bandari, waliyemwita Diksionere, yaani kamusi, kwa ajili ya kitabu chake cha Kiingereza kisichotoka kwapani, Alfani Sindano, fundi cherehani, na mzee wao, tonton Sébastien, aliyeitwa Radio kwa sababu hazimiki. Lakini ubao huo haukumlisha Mwanahamisi. Iliyomlisha ni kambi ya askari wa Habeshi waliokuja na ONU, Umoja wa Mataifa, na hao walipanda ndege wakarudi kwao. Wakaingia askari wengine wa ONU, na getini kila mchuuzi akafukuzwa, ila mwenye barua. Barua alikuwa nayo. Kapiteni wa Habeshi alimwandikia kabla ya kuondoka. Asubuhi moja, kabla ya kuipeleka, Mwanahamisi akataka kujua inasema nini.

— Leta hapa, mama, René alisema, akifuta vidole kwenye suruali. Kingereza iko mu damu yangu.

Akasoma kimyakimya, midomo ikicheza. Kisha uso ukamshuka.

— Bon. Kapiteni anasema: "Her coffee was invaluable to us." Kahawa yake ilikuwa... Mama, ikala kwanza.

— Nasimama muzuri. Sema.

— "Valuable" ni kintu iko na valeur, iko na bei. Sasa ile "in" ya mbele, kwa Kingereza iko kama sumu. Ukiitia mbele ya neno, neno inakufa. Donc, kahawa bila valeur. Ya kumwaga.

Mwanahamisi alihisi uso ukimchoma kama aliyefunua sufuria inayochemka. Miezi minane alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri kwa ajili ya watu wale.

— Haiwezekani! Alfani akaruka. Ile batu walikunywa mpaka mashapo!

— Grammaire haina huruma, ndugu yangu. "Able", anaweza. "Unable", hawezi. "Possible", "impossible". Ata Kifaransa iko vile.

— Ngoja, Radio akaingilia. Unasema "un" ni hapana? Mais kofia zao zote ziliandikwa UN!

— Kwa Kifaransa "un" ni moja, Alfani alisema.

— Kwa Kingereza ni hapana, René akakaza.

Radio akajipiga goti.

— Njo maana walikuwa hawapigi risasi! Ni askari-hapana!

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame, Alfani akatia neno.

— Inaingia wapi hapa? René akauliza.

— Kofia. Ukiinama, unaisoma muzuri.

— Na "important"? Radio akauliza.

René hakusita hata kidogo.

— "Im", hapana. "Portant", kubeba. Mutu important ni mutu habebeki.

— Kweli! Niliona mukubwa moja anashuka bateau, watu ine walimushika!

— Na indépendance? Alfani akauliza.

Hapo wote watatu waligeuka kutazama barabara. Siku zile neno hilo mtu alilitamka baada ya kuangalia nyuma yake. Kamyo moja ya askari ilipita, vumbi likatulia.

— "Dépendance" ni kutegemea wengine, René alisema polepole. "In", hapana.

— Alors, ile "in" iliua nini? Alfani akauliza. Tulicheza ngoma ya indépendance siku tatu!

— Ile ni Kifaransa. Iko yake.

Mwanahamisi hakuwa anawasikia tena. Alikuwa amekunja barua mara nne. Alijiona amesimama getini, akimkabidhi mgeni aibu yake kwa mkono wake mwenyewe. Akainama kwenye jiko, akasogeza makaa apate nafasi ya kuitia.

— Mama, niachie hiyo moto kwanza, unipe kikombe.

Alikuwa mwanamke mgeni pale konani, beseni la samaki waliokaushwa kichwani. Akalitua, akasema yeye ni Angélique, ametoka Yanonge kwa pirogi, mtumbwi wa makasia. Akanywa, akasikiliza wanaume wakirudia neno la kapiteni, akanywa tena.

— Wababa, munisamehe, miye sikusoma. Nauliza tu. Sisi tukisema samaki hii haina mwenzake, tunaisifu ao tunaitukana?

René alifungua kitabu, akapekua mbele, akapekua nyuma, akakifunga.

— Haina mwenzake, Mwanahamisi alirudia, kwa sauti ya chini. Haina mfano. Haina kifani.

Maneno hayo ndiyo waliyomwimbia bibi arusi kila harusi aliyowahi kuhudhuria. Akanyoosha barua juu ya paja, akaibana kifuani, akainua birika.

— Mama, na kikombe yangu ya pili? René akalia.

— Hakuna.

Getini askari aliisoma barua, akairudia. Mwanahamisi alishika mpini wa birika kwa mikono miwili. Askari akamwita mwenzake, akamwonyesha ule mstari kwa kidole, wote wawili wakamtazama. Macho hakuyashusha. Yule wa pili akachomoa kikombe cha bati kiunoni, akakinyoosha. Mwanahamisi akamimina. Askari alikunywa akiwa amesimama, akafumba macho kidogo, kisha kwa mkono wake mwenyewe akainua kizuizi.

Tangu hapo kona ya Kabondo ilipata kahawa jua likiwa juu ya mabati, baada ya kambi. Siku ya tatu René hakuvumilia.

— Mama, wale askari walikuelezea ile neno?

— Sikuwauliza, Mwanahamisi alisema, akimmiminia. Nilikuwa na kazi.