Sala ya Saa Sita Ambayo Haijaisha

Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Paroko, Mwenyekiti wa kamati ya shule pamoja na wajumbe wako, Mwalimu Mkuu na walimu mlio kazini, walimu wenzangu mlioiacha chaki lakini koo bado linawawasha, wazazi, ndugu wa marehemu, na ninyi watoto, mliokalishwa juani ili sisi wakubwa tupate kivuli: Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wasio wa dhehebu letu, amani iwe kwenu, maana yeye tunayemkumbuka leo aliwafundisha wote kusoma bila kuwauliza wanasali wapi.

Nimeombwa niseme machache. Mzee akiambiwa aseme machache, neno analolisikia ni "aseme" tu. Leo nitajizuia, kwa sababu nataka nimalize kabla ya saa sita. Sababu yenyewe nitawaeleza, na naomba mnivumilie, kwa kuwa ualimu ukishamwingia mtu hautoki: hata kwenye msiba lazima aeleze.

Tumekuja kufungua darasa lililopewa jina la Mama Mwalimu. Jina lake kamili limechongwa pale ukutani, lakini ni nani hapa aliyewahi kumwita kwa jina hilo? Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa Mama Mwalimu, darasani, kanisani, sokoni na kwenye foleni ya maji. Darasa ni zuri, nawashukuru walioligharamia. Lina sakafu isiyotoa vumbi, na madirisha makubwa, na madirisha yote yanatazama barabara. Hilo la madirisha nitalirudia.

Mnajua alivyokuwa. Alikuwa mkali, tusimpake asali kwa sababu amekufa. Alikuwa na jicho la kumtoa mtoto uongo kabla haujafika mdomoni. Mzazi aliyefika shuleni akinuka pombe aliketishwa dawati la mbele pamoja na darasa la pili, akasomeshwa silabi mpaka kichwa kimtulie. Wapo hapa, nawaona, mmoja ameinama anafunga kamba za kiatu. Mkono wake ulikuwa mzito, lakini mkono huo huo ndio uliowashika wengi wenu kidole mkaandika herufi ya kwanza.

Nanyi mnamjua mwanawe, huyu mwanamume aliyesimama kule karibu na tangi la maji. Watoto humwita Bwana Saa. Hasemi, hasomi, na saa ya ukutani kwake ni mapambo. Lakini shule hii, tangu apate nguvu ya kushika kipande cha nondo, iliingia na kutoka kwa mkono wake. Pale kwenye nguzo linaning'inia rimu la gurudumu la lori. Mama yake alikuwa akisimama kwenye dirisha la darasa la pili, lile la zamani, akiinua dasta ya kufutia ubao kwa mkono wa kushoto, na mwanawe aligonga. Hakuwahi kugonga bila kuiona ile dasta, na hakuwahi kuiona asigonge. Alipokuja mkaguzi mmoja akauliza mtu mzima yule anatafuta nini kwenye shule ya watoto, Mama Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba yule ndiye mtu pekee wa shule hii asiyewahi kuchelewa, kisha akamuuliza yeye mkaguzi alitakiwa kufika saa ngapi.

Tulicheka sana. Lakini kuna jambo chini ya kicheko kile, na watu wachache wanalijua.

Mtoto yule hakuzaliwa vile. Alizaliwa mzima, akaanza kutembea, akaanza kuita "mama". Baba yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Siku moja mama alikuwa akisimamia mtihani, na ninyi walimu mnaijua kanuni: msimamizi hatoki chumbani mpaka karatasi ya mwisho ikusanywe. Jirani akaleta habari kwamba mtoto ana joto. Mama akasema anakuja, akasubiri karatasi. Alipofika nyumbani, degedege lilikuwa limempita mtoto na kuondoka na maneno yake yote. Je, alikosea? Kanuni ilisema abaki, naye alibaki. Daktari alimwambia huenda hata angewahi isingesaidia. Lakini ni mama gani anayelala usingizi juu ya neno "huenda"?

Miaka mingi baadaye wakubwa walitaka kumpa ukuu wa shule. Akakataa, wakanipa mimi. Watu wakamsifu kwa unyenyekevu, na mimi nikawa wa kwanza kumsifu. Siku moja nikamuuliza kwa nini alikikataa kiti kile. Akaniambia, "Mwalimu, dirisha la ofisi yako linatazama barabara. Mimi barabarani sina mtu."

Hapo ndipo nilipoielewa kengele. Sote tulidhani kijana yule anamtazama mama yake ili apate ishara. Sivyo. Mama ndiye aliyekuwa akimtazama yeye. Kengele ilikuwa njia ya kumweka mtoto mahali anapoonekana, kila siku ya kazi, mpaka kifo. Siku ile moja alimwacha mahali asipoweza kumwona, na hakurudia tena.

Jambo kama hilo lina gharama, na aliyeilipa yupo mbele yenu: binti yake, dada mkubwa wa Bwana Saa, muuguzi, aliyesafiri mbali kuja hapa na ambaye kesho anaondoka. Jana tulikaa naye barazani kwangu. Nilimwambia mama yake alikuwa mama wa mfano. Akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani, kisha akasema, "Mzee wangu, mimi nilizaliwa wa kwanza, nikalelewa wa pili. Hata akinisuka, alinigeuza shingo ili amwone yeye."

Nimemwomba ruhusa niyaseme maneno hayo hapa, akaniruhusu. Nayasema kwa sababu marehemu aliwafundisha kwamba anayesifu nusu anadanganya nusu. Mapenzi ya mama yule yalikuwa makubwa, na yalikuwa na shingo ya binti iliyogeuzwa. Yote mawili ni kweli.

Sasa niwaeleze siku yenyewe. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, kwa hiyo nimewauliza waliokuwepo mmoja mmoja.

Kila siku, ikifika saa sita, Mama Mwalimu aliongoza sala ya Malaika wa Bwana. Baada ya sala alikuwa na desturi yake mwenyewe: watoto walilaza vichwa juu ya mikono, wakafumba macho, wakakaa kimya na Mungu wao, na hakuna aliyeinua kichwa mpaka kengele. Yeye pia aliinamisha kichwa mezani. Kisha aliinuka, akaenda dirishani, akainua dasta, kengele ikalia, watoto wakatoka kwenda kula. Walimu wengine wote waliusubiri mlio huo huo.

Siku ile aliinamisha kichwa, hakukiinua tena.

Sasa fuateni mambo yalivyoshikana. Watoto waliisubiri kengele. Kengele ilimsubiri mama. Shule nzima ikawasubiri watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani, na mmoja wa hao wawili alikuwa amekwisha kufa. Mwalimu wa darasa la jirani aliniambia aliusikia ukimya ule akauonea wivu, akawaambia wanafunzi wake, sikieni nidhamu ya wenzenu. Binti mmoja mdogo wa darasa lile aliniambia, "Nilifungua jicho moja, nikaona mwalimu bado amefumba, nikafumba tena."

Wazazi, tuwalaumu watoto hawa kwa lipi? Walitii. Tumlaumu mwalimu wa jirani? Alisifu utii. Tulijenga shule ambayo kila mtu alijua zamu yake, na hakuna aliyefundishwa afanye nini zamu isipofika.

Mpishi ndiye aliyeshtuka kwanza, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Alimfuata Bwana Saa pale kwenye nguzo, akamtania, "Vipi, bwana mkubwa, leo umelala umesimama?" Kijana akanyoosha nondo kuelekea dirishani. Mpishi akaenda kuchungulia. Hakupiga kelele. Aliingia, akamgusa mwalimu mkono, akavua aproni yake, akamfunika mabegani, akawaambia watoto watoke polepole, mwalimu bado anasali. Wakatoka kwa ncha za vidole vya miguu. Mpaka leo watoto wa darasa lile hawakubali kufumba macho wakati wa sala, na Baba Paroko, nakuomba usiwalazimishe.

Tukamzika kwa heshima. Na siku ya maziko tulifanya jambo tulilodhani ni la huruma: Bwana Saa tulimwacha kwa jirani, asije akafadhaika. Hakuliona jeneza. Hakuliona kaburi likifukiwa. Hakuna aliyemwambia, na tungemwambia kwa lugha gani?

Tangu hapo, kila ikikaribia saa sita, anakwenda kwenye nguzo, anachukua nondo, anatazama dirisha. Naibu Mwalimu Mkuu aliwahi kusimama pale dirishani akainua dasta. Kijana alimtazama, akamtazama tena, akageuza uso. Mpishi naye alijaribu. Ikawa hivyo hivyo. Shule ikahamia kwenye filimbi, na sasa wafadhili wametupatia kengele ya umeme, ambayo mgeni rasmi utaibonyeza leo. Na kwa kuwa kazi yake imekwisha, na nyumba ya mama yake ni ya shule, kamati imeona kesho dada yake amchukue akamweke kwenye makao ya watu wa hali yake, mbali na hapa. Mwenyekiti, sisemi mna roho mbaya. Muuguzi huyu ana watoto wake watatu na zamu za usiku. Hawezi kukaa naye, naye asitupiwe jiwe. Mpishi kwa upande wake ameniambia yuko tayari kumhifadhi kwenye chumba nyuma ya ghala, kwa sababu, asema, sufuria inayolisha shule haishindwi na sahani moja. Hayo mtayaamua. Nawasihi tu myaamue baada ya saa sita, msiyaamue kabla.

Maana mimi nimemtazama kijana yule siku nyingi kutoka kwenye uzio, nikafika mahali pa kuelewa kitu kimoja. Watoto walitolewa darasani. Mwalimu alitolewa, akapelekwa kwa Mungu wake. Sisi tulitoka makaburini tukanawa mikono. Yeye peke yake hajatolewa. Kwake sala ile haijaisha. Anasimama ndani ya saa sita ile ile, na tukimpakia garini kesho, tutampakia pamoja nayo, ataenda kuitafuta dasta kwenye madirisha ya wageni mpaka azeeke.

Ni nani anayeweza kumtoa? Jana, nilipokuwa natafuta maneno ya kumfariji muuguzi huyu, alinyoosha mkono kuchukua kikombe. Akakichukua kwa mkono wa kushoto, kiwiko juu, kichwa kimeinama upande kidogo, vile vile mama yake alivyoinua dasta. Nikaacha kuongea. Na mnajua si kawaida yangu.

Mwanangu, dasta ya mama yako hii hapa. Nimeiomba kwa Mwalimu Mkuu na sijaikung'uta. Chaki iliyomo ni ya siku ile. Sikuombi ubaki. Sikuombi umsamehe mama kwa shingo yako. Hilo ni lako na lake. Nakuomba uvuke uwanja huu, uingie darasa lile la zamani, maana madirisha ya hili jipya yanatazama barabara, usimame dirishani, uinue mkono. Angalau mara hii moja, dirishani pale atakayetazamwa ni wewe.

Mgeni rasmi, kitufe chako kingoje kidogo; umeme hauna moyo wa kuumia.

Sijui itakuwaje. Akigonga, tutajua saa ile imeisha, na kamati ikae na kupima upya. Asipogonga, pia tutajua, nasi tutakuwa tumemwomba radhi kwa njia pekee anayoielewa. Watoto, msifumbe macho. Mtazameni.

Namshukuru Mungu kwa maisha ya Mama Mwalimu. Nawashukuru waliojenga, waliopika, na waliokuja. Nenda, mwanangu, jua limeshafika utosini.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tunyamaze, tumsikilize Bwana Saa.