Mwalimu, Usimkumbushe Tena

Kwenye kivuko cha kwenda Sengerema nilikaa nyuma ya mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, aliyekuwa akimlalamikia mama mmoja aliyekaa naye benchi moja. Walimu wote ninaowajua hulalamika, lakini huyu alikuwa na sababu. Darasa lake la kidato cha tatu lilikuwa linapukutika. Wengine walikwenda kukata minofu kwenye viwanda vipya vya samaki, wengine hakujua waliko.

"Kila Ijumaa nawatuma wenzao wakawakumbushe kazi ya Jumatatu," alisema. "Anayeniumiza zaidi ni Dorcas wa Igoma. Yule anaandika insha nzuri hadi naona aibu kuisahihisha."

Mama alijifunika kanga vizuri. Alikuwa amekonda sana. "Dorcas ni mwanangu," alisema. "Naomba usimtumie ujumbe tena."

Mwalimu alimgeukia. "Mama, mtihani umekaribia. Aje hata mara moja moja."

"Baba yake tulimzika mwaka jana kwa ugonjwa huu huu nilio nao. Naenda hospitali, na najua watakachoniambia. Dorcas ana wadogo zake."

"Ndugu hawapo?"

"Wapo. Walikuja msibani."

Mwalimu aliangalia ziwa. Na mimi nikaliangalia, ingawa hakuna aliyeniuliza kitu.

"Insha zako zote anaziandika nyumbani, mwalimu," mama alisema taratibu. "Ukiendelea kumwita, atakuja. Akija, wale wadogo nitamwachia nani?"

Kivuko kilikuwa kimefika. Mwalimu akamshika mama mkono, wakashuka polepole.