Upinde wa Swalehe Ambao Haujarudi

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti ya redio. Aliye shambani aitwe. Leo tunamkumbuka Mzee Swalehe, mchonga pinde wa Bungu, tuliyemzika Ijumaa.

Pinde zake zililinda mpunga. Ugwe, ile kamba ya kuvutia, ulikuwa wa ngozi, na kila asubuhi mlinzi aliulegeza ili upinde upumzike.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Nyaya za breki za baiskeli zikajaa madukani. Swalehe akatia waya badala ya ngozi, akazikunja ncha zitazame mbele, mshale uende kwa nguvu. Watu wakagombea. "Wa waya, mzee! Huo wa ngozi mpe bibi yako!"

Dada yake, Mwamvua, alikuwa dunguni, juu ya kile kichanja cha mlinzi, huko Salale akilinda mpunga. Nguruwe akatokea. Mwamvua akavuta upinde wake wa waya. Ncha ikapasuka, kibanzi kikamwingia jicho la kushoto. Jicho likaenda.

Watu wakasema ni kijicho cha majirani. Swalehe hakukubali. Aliviweka vipande mapajani, akavipapasa. Akaomba na pinde za wengine zilizovunjika. Zote zilipasukia pale pale, kwenye ncha, panapokaa waya. Ngozi hunyumbuka. Waya haunyumbuki, kishindo chote huingia kwenye mti. Tena waya ukishafungwa, nani anaulegeza? Upinde unakaa umekazwa msimu mzima, waya unaukeketa kama msumeno. Narudia: si kijicho, ni waya.

Bi Mwamvua anasema: "Nilimwambia, kaka, nguruwe kapona, umenilenga mie. Nilitaka acheke. Akatoka na mtumbwi, hata chai hakunywa."

Alikwenda dungu kwa dungu, anazikusanya pinde za waya, anazichoma. Mmoja hakuupata. Aliununua abiria wa lori, pale Bungu barabarani. Jina hakusema, aendako hakusema. Tangu hapo kila lori likisimama, Swalehe yupo, anauliza.

Mkewe, Bi Semeni, anasema hata siku ya mwisho alimshika mkono: "Lori lile limepita? Umemuuliza?"

"Nikamwambia nimemuuliza. Ningesemaje, mwanangu?"

Wasikilizaji, nami ni mama. Wanangu wako bondeni saa hizi wanaamia ndege wasile mpunga, na pinde za kuazima. Nimewauliza za nani, wananicheka.

Bi Semeni, Bi Mwamvua, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Nanyi wazazi, kazitazameni ncha leo, kabla watoto hawajatoka.

Na wewe wa lori, au uliyerithi upinde ule: usiuvute, hata kwa kuonyesha wageni. Urudishe Bungu. Moto tutauwasha sisi. Kisha mmoja wetu aende makaburini akamwambie umerudi.