Nilibonyeza Ndiyo kwa Jina la Mghoi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmezoea kuniona hapa mbele nikisoma Neno. Leo nimeomba nafasi nisimame kama mtu aliyetolewa shimoni.

Mimi Mwakio nimetunza stoo ya kiwanda cha chakula cha mifugo hapa Voi miaka mingi. Kila gunia nililijua kwa kichwa na kwa daftari. Kisha ikaletwa kompyuta yenye mfumo mmoja unaounganisha kazi zote: mahindi yakipokelewa stoo, wanaosaga wanaona, wahasibu wanaona, wanaopakia lori wanaona. Tulifundishwa wiki nzima. Ndugu zangu, sikuelewa kitu! Nilikaa nikitikisa kichwa, maana mzee wa kanisa atawaambiaje vijana kwamba hajui?

Mghoi, binti anayepima ubora wa mahindi, aliniona nikihangaika. Akanihurumia. Asubuhi alikuwa akinifungulia mfumo kwa jina lake na neno lake la siri, nami nabonyeza tu. Kompyuta ikiuliza swali, najibu ndiyo, ili iniache niendelee.

Siku moja Mghoi alikuta mahindi yenye ukungu, akayazuia kwenye mfumo yasisagwe. Mimi nikafika kuyatoa stoo yakasagwe. Kompyuta ikauliza kama zuio liondolewe. Nikabonyeza ndiyo. Sikusoma hata neno moja!

Mahindi yale yakawa chakula cha kuku. Kule Marungu, kuku wa Mama Wakesho wakaanza kufa, banda zima. Meneja akafungua kumbukumbu, akakuta jina la aliyeondoa zuio: Mghoi.

"Sikuondoa mimi," Mghoi akasema. Kisha akanitazama.

Mimi nikatazama sakafu. Ndugu zangu, nilitazama sakafu! Akaambiwa aende nyumbani mpaka aitwe. Siku nne nilikula, nikaomba, nikaja hapa nikawasomea Neno.

Siku ya tano nikaenda Marungu kumpa pole Mama Wakesho. Alikuwa ameshawazika kuku wake nyuma ya nyumba. Hakuwa na habari yoyote juu yangu. Akanishika mkono akasema, "Mzee, niombee. Hawa ndio walikuwa wananisomeshea watoto."

Nikafumba macho. Neno halikutoka. Nilijaribu tena, halikutoka. Nikajua Mungu amekataa kunisikiliza mpaka niseme kweli. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamwambia mama yule, "Ni mimi." Akasema, "Basi nenda ukaseme huko kazini."

Nilikwenda siku ileile. Meneja akamwita Mghoi, naye akakaa kwenye kompyuta, akaifuata namba ambayo mfumo uliyapa mahindi yale: yalisagwa siku gani, yakaingia magunia gani, yakapakiwa lori gani. Mengine yalikuwa Bura, mengine Taveta, bado yako madukani. Simu zikapigwa, yakarudishwa yote. Kitu nilichokikimbia ndicho kilichookoa kuku wa watu!

Nilivuliwa ukubwa wa stoo, na ni haki. Kiwanda kikampa Mama Wakesho vifaranga. Nikamwomba Mghoi anifundishe upya. Akaniambia, "Nitakufundisha, Mzee. Lakini uliniacha peke yangu siku nne." Alinifundisha kuanzia kuwasha. Sasa naingia kwa jina langu, nasoma kila swali, na nisipoelewa nauliza. Aibu ile Bwana ameniondolea!

Ndugu zangu, wapo hapa walionong'ona kwamba Mghoi alihongwa ayaachie mahindi mabovu. Alikuwa hana hatia, nami nilisikia minong'ono nikanyamaza. Mghoi, umekaa pale nyuma. Mbele ya kanisa hili, naomba unisamehe. Usinijibu leo kama moyo hauko tayari.

Na wewe unayetikisa kichwa kwa jambo usilolijua, huku mwingine anabeba mzigo wako, mtegemee Bwana useme kweli. Itauma. Mimi iliniuma. Lakini jioni ile niliporudi nyumbani nikafumba macho kuomba, maneno yalitoka.